Mwanakundi Akitimiza Mwaka, Mtajie Alichofanya

Mimi ni mmoja wa maadmini wa kundi la mtandaoni la watu wanaojifunza kushona, na kazi ninayoipenda kuliko zote ni kuwapongeza wanachama wanapotimiza mwaka mwingine. Wapo wanaoiona kuwa ni kupoteza muda. Mimi nimeona watu waliokuwa wameanza kufifia wakirudi kuchangia kwa sababu yake.

Tarehe yenyewe siku hizi haisumbui. Reddit, mtandao wa majadiliano, huweka picha ndogo ya keki kando ya jina la mtumiaji, siku ya kumbukumbu ya kufungua akaunti yake. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu za kompyuta, ina beji ya mwaka, ila huipati kwa kukaa tu: lazima uwe umejikusanyia walau pointi 200. Kwenye Wikipedia wapo wahariri wanaoadhimisha siku ya hariri yao ya kwanza, na hesabu hii ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa sababu inaanzia pale mtu alipotoa kitu, hata kama alisahihisha herufi moja tu. Nasi kwenye kundi letu tunahesabu kuanzia ujumbe wa kwanza.

Ila beji hutolewa na programu, na mwenye kupewa analijua hilo. Hata "Hongera kwa kutimiza miaka 3!" yenye maua na maputo anaweza kutumiwa yeyote. Kwa hiyo kabla hujaandika pongezi, tafuta jina la mhusika kwenye mazungumzo ya nyuma usome alichowahi kuandika.

Kuna dada mmoja kwetu ambaye si msemaji. Siku yake ilipokaribia nilipekua nikakuta jibu alilompa mgeni ambaye cherehani yake ilikuwa inaruka mishono, amekata tamaa, anataka kuiuza. Wengine walishamwambia akaze uzi, alegeze uzi, aipeleke kwa fundi. Dada akaandika mstari mmoja tu: "Chomoa sindano uitazame, huenda umeiweka kinyume." Kweli, ilikuwa kinyume. Niliuweka ujumbe ule ndani ya pongezi, nikamtagi na yule aliyesaidiwa. Naye akajitokeza kushukuru upya, akatuma picha ya gauni aliloshona kwa cherehani ileile. Tangu siku hiyo dada hujibu maswali ya wageni karibu kila wiki.

Kama kundi ni kubwa, usijitwike kupongeza kila siku. Pongezi zikizidi watu huzipita bila kuzisoma. Chagueni siku moja ya mwezi, muwataje wote wa mwezi huo, kila mmoja na jambo lake. Na msisahau wanaosoma kimyakimya. Kumwambia mtu "tunafurahi kwamba bado uko nasi" kunatosha.

Jihadharini na ukongwe kugeuka cheo. Ukiona mtu anamnyamazisha mgeni kwa kuwa yeye yupo tangu mwanzo, mkumbusheni mapema, kwa upole, faraghani.

Jambo ninalolisisitiza sana kwa maadmini wenzangu ni kupitia orodha kwa macho kabla ya kutuma chochote. Programu haijui kwamba mwanachama amefariki. Itamtumia hongera, na ndugu anayeshika simu yake ndiye atakayeisoma. Akifariki mwenzenu, mwondoeni kwenye pongezi za kujituma zenyewe, kisha kama familia inaridhia, mkumbukeni kwa maneno yenu wenyewe.

Mwisho, ombeni ruhusa. Sisi humwandikia mtu faraghani siku mbili tatu kabla, tukamwonyesha tulichokusudia kukitaja. Wengine hawapendi kutajwa mbele za watu, wengine wanatumia jina la bandia na hawataki lihusishwe na picha au kazi yao. Akikataa, mpe shukrani hapohapo mnapozungumza wawili, na asipojibu, usimtaje kundini.