Mazoezi kisiwani msimu wa joto

Umeuliza utaendeleaje na mazoezi kisiwani joto likipamba moto. Ndugu yangu, jua ni nusu tu ya tatizo; nusu nyingine ni unyevunyevu wa hewa. Jasho hupoza mwili linapokauka. Hewa ikishajaa mvuke, jasho linachuruzika tu na joto linabaki ndani.

Kimbia alfajiri, jua halijachomoza vizuri. Saa sita hadi saa tisa mchana waachie mijusi. Wewe tafuta kazi za kivulini, hata kushona nyavu. Jioni ogelea, ila uliza wenyeji habari za mkondo kwanza. Na usidanganyike, hata majini unatoka jasho, kwa hiyo kunywa maji.

Kama ndiyo kwanza umefika, anza na dakika 15 au 20. Mwili huchukua siku 7 hadi 14 kuzoea joto, na ukiacha wiki kadhaa mazoea yanapotea. Ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu, acha, kaa kivulini, jimwagie maji. Mtu akianza kuongea ovyoovyo, hiyo ni dharura: mpozeni mwili huku mkimkimbiza hospitali.