Noma ya sifa au ya shari?

Mdogo wangu, umeuliza kama kijana wa Ngamiani, hapo Tanga mjini, aliyeonja pweza wako akasema "wewe noma" alikutukana. Wala! Amekusifu, tena sana. Ila ukiambiwa "pale kuna noma", geuza njia: ni shari, pengine polisi wameshafika. "Naona noma" ni aibu tu, kama ya mtu anayeshindwa kumdai konda chenji yake. "Haina noma" ni haina shida. Na mtu akisema "noma sana" akanyamaza? Hapo sikiliza sauti, mtazame usoni. Hata mimi mzaliwa wa Tanga huwa inanichanganya. Kwa mama mkwe usithubutu kabisa kulitumia neno hili la mtaani, hata kwa kumsifu. Kwake sema, "Umepika vizuri, mama," inatosha.