Kupima pumzi za mtoto mchanga: kwenu wauguzi mnaoanza kazi wodini

Hesabuni pumzi kwa dakika nzima. Msihesabu sekunde 15 mkazidisha kwa 4, kwa maana mtoto mchanga, hasa njiti, hupumua harakaharaka kisha hutua kwa sekunde 5 hadi 10, na hesabu yenu ikiangukia kwenye kituo hicho mtaandika namba isiyo ya kweli. Katika mwaka wangu wa kwanza niliandika 48 kwa njia hiyo. Muuguzi wa zamu iliyofuata alihesabu dakika kamili akapata 72, na matibabu yalikuwa yameshachelewa. Mtoto awe ametulia, kifua na tumbo vikiwa wazi. Mkipata 60 au zaidi, rudieni. Isiposhuka, hiyo ni ishara ya hatari.

Hesabu peke yake haitoshi. Alama za Silverman, zinazotumika tangu mwaka 1956, hutazama mambo matano: kama kifua na tumbo vinapanda pamoja au vinapishana, kubonyea kati ya mbavu, kubonyea chini ya kidari, kutanuka kwa pua, na kuguna wakati wa kutoa pumzi. Kila jambo hupewa 0 hadi 2, na hapa 10 ndiyo hali mbaya kabisa, kinyume cha alama za Apgar, zile anazopewa mtoto mara tu baada ya kuzaliwa, ambazo 10 ndiyo hali njema kabisa.

Kuguna kusikilizeni kwa makini kuliko yote. Mapafu ya njiti hayana safaktanti ya kutosha, yaani ule utando wa majimaji unaozuia vifuko vya hewa kujifunga, hivyo vifuko vya hewa hujifunga kila anapotoa pumzi, naye hubana koo ili hewa isimwishie. Mashine ya CPAP ya mapovu, inayompulizia hewa puani kwa shinikizo mfululizo, humfanyia kazi hiyohiyo: kina cha mrija ndani ya maji, ambacho mara nyingi huanzia sentimita 5 au 6, ndicho shinikizo linaloyaacha mapafu wazi.

Oksijeni ya damu ipimeni mkono wa kulia. Njiti anayepewa oksijeni tunamlenga asilimia 90 hadi 95. Ikizidi punguzeni, kwa kuwa oksijeni nyingi huharibu macho yake.

Pimeni kabla na baada ya kila badiliko la tiba, mkiandika saa. Na mtoto aliyekuwa akipumua mara 80 huku akiguna, kisha akashuka hadi 40 na kunyamaza, msimhesabu kuwa amepona kabla ya kumtazama: aliyepata nafuu kifua chake hakibonyei na rangi yake ni njema, bali aliyechoka hulegea, na pumzi yake yaweza kukatika wakati wowote. Huyo mwitieni daktari papo hapo, mfuko wa ambu, ule wa kumpumulishia kwa mkono, ukiwa tayari.