Maswali Yenu: Neno moja tu, mbona linawashinda?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mi napenda habari za nje ila kuna kitu kinanichanganya, mwanasiasa wa Marekani akigombea anaongea wazi kabisa kuhusu mauaji ya mahali fulani, akishapata kiti anaanza kuzungukazunguka. Ni uoga au kuna mtu kamshika ulimi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Uoga upo, ila hela ipo pia, tena hela iliyosajiliwa kabisa. Chukua Waarmenia waliouawa na dola ya Osmani, ndiyo iliyozaa Uturuki ya leo, kuanzia 1915. Obama anagombea 2008 akaahidi mauaji hayo atayaita mauaji ya kimbari, kaingia Ikulu kakaa miaka 8, kila ikifika 24 Aprili, siku ya kuwakumbuka, anatoa tamko la majonzi, zuri tu, ila neno lenyewe hulioni, anaweka "Meds Yeghern", Kiarmenia hicho, maana yake janga kubwa. Yani unawahutubia Wamarekani kwa lugha ambayo wengi wao hawaijui ili mradi usitamke neno wanalolijua!

Uturuki iko NATO, muungano wa kijeshi pamoja na Marekani, na Marekani inatumia kambi ya kijeshi ya Incirlik iliyoko huko Uturuki, hilo kila mtu analijua. Lakini pia Uturuki ilikodi watu wa kulobi, yani wa kushawishi wanasiasa kwa malipo, wabunge wa zamani wa Marekani kina Bob Livingston na Dick Gephardt, na huyu Gephardt alipokuwa bungeni alikuwa anaunga mkono azimio la kuyatambua mauaji, alipotoka akala mkataba wa Uturuki akageuka. Hawaji na bahasha chini ya meza kama tulivyozoea huku, wanapiga simu kwa wenzao wa zamani, na kwa sheria ya 1938 wanajisajili Wizara ya Sheria, ukitaka unasoma mwenyewe nani kamfuata nani. Na lugha ya serikali ya Uturuki ni ileile siku zote: "matukio ya 1915", tuwaachie wanahistoria.

Waarmenia nao wana lobi yao na kura zao California, sio wanyonge. Oktoba 2019, Uturuki imetoka kuwaudhi wabunge wa Marekani kwa kuingia Syria, Baraza la Wawakilishi la Marekani likapitisha azimio la kuyatambua mauaji kwa kura 405 kwa 11, na Rais Biden akaja kulitamka neno 2021.

Sasa huo uoga unaouulizia, muulize John Evans, aliyekuwa balozi wa Marekani kule Armenia. Yeye alilitamka 2005, mwaka uliofuata akaondoka kazini kabla ya muda wake.