Nina pumu: je, niache kukimbia?

SWALI: Nina umri wa miaka 31 na nimeishi na pumu tangu utotoni. Nimejaribu kukimbia mara mbili, na mara zote, dakika chache baada ya kusimama, kifua kilibana, nikakohoa na kusikia mluzi kila nilipotoa pumzi. Je, niache kabisa?

JIBU: Usiache, ila muone daktari wako kabla ya kujaribu tena. Mtu anapokimbia huvuta hewa nyingi kwa mdomo, na hewa hiyo, ambayo haikupata joto wala unyevu wa puani, hukausha mirija ya mapafu hadi misuli inayoizunguka ikajikaza. Ndiyo maana ulizidiwa baada ya kusimama, kwani mara nyingi dalili hufikia kilele katika dakika 5 hadi 10 za mwanzo za mapumziko.

Ninachokiona mara kwa mara, na kinanisikitisha, ni wagonjwa wanaotegemea inhela (kifaa cha kuvuta dawa) ya kutuliza peke yake na kuitupa kando ile ya kinga kwa kuwa haileti nafuu papo hapo. Ukiihitaji ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijadhibitiwa, na hapo tatizo si mbio. Mwombe daktari aangalie pia unavyoivuta: itikise, toa pumzi yote, bonyeza huku ukianza kuvuta polepole, kisha zuia pumzi kwa sekunde 10. Akikuruhusu kutumia salbutamol, dawa ya inhela ya kutuliza, kabla ya mazoezi, ivute dakika 10 hadi 15 kabla ya kuanza.

Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyegunduliwa kuwa na pumu akiwa kijana, alikimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia iliyodumu hadi 2019. Wewe anza kwa kupasha mwili moto kwa dakika 10 au zaidi, kisha kimbia dakika moja na kutembea mbili, kwa mwendo unaokuwezesha kusema sentensi nzima bila kukatika. Epuka vumbi na moshi, na penye baridi funika mdomo kwa kitambaa chepesi.

Inhela ya kutuliza iwe mfukoni, si nyumbani. Kifua kikibana, simama, kaa wima na uitumie. Usipopata nafuu, au ukishindwa kumaliza sentensi, nenda hospitali mara moja.