Kwetu ni Tanga, hiyo "hasa" muiondoe

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mtu akikuuliza kwenu ni wapi, unamjibu nini?" Mi jibu langu fupi ni Tanga. Shida ni kwamba nikishasema Tanga mtu haridhiki, anacheka kidogo halafu anaongeza, "sawa, lakini kwenu hasa?" Sisi Wahindi wa nchi hii hiyo "hasa" tumeizoea kama joto la Februari.

Haya, kwetu hasa ni hivi. Babu yake baba alitoka Kutch, kule Gujarat, akapanda jahazi bandari ya Mandvi msimu wa kaskazi kama wenzake wengi, akashukia Unguja, baadae Tanga akafungua duka la kanga na mafuta ya taa. Basi, tunachojua kinaishia hapo. Kijiji chenyewe hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukikanyaga, na wajomba mpaka leo wanabishania jina lake. Sasa mtu akiniambia nirudi kwetu, nirudi kwa nani? India yenyewe naomba viza kama Mtanzania mwingine yeyote.

Nyumbani tunaongea Kikutchi ila aisee mtu wa Kutch akitusikia atakuna kichwa, manake humo ndani kuna sufuria, kisu, fagio, na bibi yangu akikasirika alikuwa anahamia Kiswahili kabisa, kile cha Tanga, alisema ugomvi unanoga zaidi. Binamu zangu wa Leicester, ambao wazee wao walifukuzwa Uganda mwaka 1972 Idi Amin alipowapa siku 90, nao hivohivo. Ukienda migahawa ya Wembley kule London utakuta kwenye menyu ya chakula cha Kihindi muhogo wa kukaanga na pilipili, wanauita mogo, na Mzungu wa watu anakula akijua umetoka Bombay.

Kuhusu uraia, kwa kweli sisi wa Tanzania tulibahatika. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, kuna wabunge walitaka uraia uwe wa mtu mweusi tu, na Nyerere akasimama akawaambia uraia hauangalii rangi, na wakipitisha hilo serikali yake itajiuzulu. Ndo maana Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, aliweza kuwa waziri wa fedha miaka mingi na hakuna aliyeona ajabu. Lakini pia ndo serikali hiyohiyo iliyokuja 1971 na sheria ya kutaifisha majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nyumba ikiwa na zaidi ya miaka 10 hupewi hata senti ya fidia, na watu wakabeba mabegi wakaenda Kanada na Uingereza. Nawajua wazee ambao mpaka leo ukitaja Msajili wa Majumba, ile ofisi iliyokabidhiwa nyumba hizo, chai inawashinda. Nawaelewa, japo nawaelewa pia waliokuwa wapangaji, ambao walikuwa wakilipa kodi kwa mtu asiyewasalimia.

Na hapa ndo nataka niseme lile ambalo kwenye jamati yetu, yaani jumuiya yetu ya dini, tunalisema kwa kunong'ona. Jamati ni kitu kikubwa, mtu asidharau. Baba alipofariki sikununua hata sanda, ujumbe ulizunguka WhatsApp alfajiri, kufika saa nne vijana wa kujitolea wameshamuosha, kaburi limechimbwa, chakula cha wafiwa kinapikwa na akina mama ambao wengine hata siwajui, na hakuna aliyenidai. Muharram ikifika tunavaa nyeusi, tunakaa majlisi, vile vikao vya maombolezo, na niyazi, chakula cha sadaka, inapikwa masufuria kwa masufuria. Sijui ningekuwa nani bila hivo vitu.

Ila ukuta unaokukinga ndo huohuo unaokuficha. Unazaliwa jamati, unasoma na wa jamati, mpira unacheza na wa jamati, na unazikwa na wa jamati. Nenda Upanga, pale Dar, leo usikilize watoto wetu Kiswahili chao: leta, weka, ngoja, osha. Kiswahili cha kuamrisha tupu! Hawajui kutania, hawajui kubembeleza, pole na shikamoo zinawatoka kwa shida, wakati bibi yangu ambaye hakumaliza hata darasa la nne alikuwa anagombana, anapatana na kusengenya na jirani zake wa Kidigo kutwa nzima barazani. Sasa mtu ambaye tangu azaliwe amesikia kwako vitenzi vya amri tu, akikuuliza kwenu hasa ni wapi utamlaumu?

Wenzetu wa Kenya mwaka 2017 serikali yao iliwatangaza kabila la 44 na kuna ndugu zangu huku walitamani na sisi tupewe namba. Mi hapana. Sitaki kabila la serikali, nataka watoto wa jamati wapelekwe shule zilezile wanazosoma watoto wa jirani, na madarasa ya dini yabaki jioni kama zamani, haitawapunguzia kitu.

Suala la kuoana nje ya jamati sijaligusa makusudi. Mama anasoma jarida hili.