Kisima ni cha mwendeshaji, kufa tunakufa wote

Kila kundi jipya likishuka kwenye helikopta pale kwenye mtambo wa mafuta baharini, wimbo ni uleule: mkandarasi anasema "hilo ni la mwendeshaji," mwendeshaji, yaani kampuni yenye kisima, anasema "hilo ni la mkandarasi." Wadogo zangu, acheni mara moja.

1. Someni hati inayounganisha taratibu za kampuni zote kabla ya kupanda. Humo ndimo imeandikwa kibali cha kazi cha nani kinatumika, na nani anaamua nini kisima kikichachamaa.

2. Zamu ikabidhiwe vibali vikiwa mezani. Piper Alpha, mtambo wa mafuta na gesi Bahari ya Kaskazini, 6 Julai 1988: valvu ya usalama ya pampu ilikuwa imeondolewa na mahali pake kufunikwa tu. Valvu ilikuwa na kibali chake, pampu chake. Zamu ya usiku iliona cha pampu, ikaiwasha. Walikufa watu 167.

3. Jaribio la shinikizo hasi, la kupima kama saruji iliyo chini kisimani imezuia mafuta na gesi. Hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnapenda kuharakisha. Tope zito la kuchimbia, linalokandamiza kisima, linaondolewa na maji ya bahari yanachukua nafasi yake, shinikizo linaachiliwa hadi sifuri, kisha mnatazama. Likipanda tena, saruji haijaziba.

Macondo, kisima cha Ghuba ya Meksiko, 20 Aprili 2010, BP alikuwa mwendeshaji, mtambo na wachimbaji wa Transocean, saruji ya Halliburton. Shinikizo la bomba la kuchimbia liliachiliwa zaidi ya mara moja, likarudi, mwishowe likasoma psi 1,400 (psi ni kipimo cha shinikizo). Mrija wa kuulia kisima, njia ya pili ya kuingia humo kisimani, ukasoma sifuri, hautoi kitu. Njia mbili zinazoingia kisima kimoja haziwezi kutofautiana hivyo bila sababu. Huenda mmoja umeziba. Ikatolewa nadharia kwamba ni uzito wa tope unaosukuma, BP na Transocean wote wakaikubali, na sifuri ikachaguliwa. Hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kutafsiri matokeo. Usiku huohuo gesi ilifika juu ikalipuka, wakafa 11.

Kwa hiyo kigezo cha kufaulu kiandikwe kabla ya jaribio, na mwenye namba hata moja asiyoielewa asitie sahihi, hata bosi wa mteja akiwa amesimama pembeni.

4. Drila, yaani anayeendesha uchimbaji, akiona kisima kinatoa chenyewe, anafunga, halafu ndiyo anapiga simu.

5. Msihamishie tope kwenye meli huku mnabadilisha tope kwa maji kisimani. Mkishindwa kulinganisha kinachoingia na kinachotoka, hamtajua gesi imeingia. Drila na mpima tope wahesabu matangi kila mmoja kwa upande wake, na hesabu zikitofautiana, pampu izimwe.